Mashine Inang'ang'ania Simu Wakati Wi-Fi Ipo

Barua za safari hii nyingi zimetoka Goma, moja Bukavu, na karibu zote zinalalamikia kitu kimoja: mashine inayojichagulia mtandao isioambiwa, au inayokumbuka neno la siri lisilofaa na kusahau linalofaa. Majina ya vitufe tumeyaacha kwa Kifaransa, kwa kuwa ndivyo Windows za wengi wetu zinavyoyaonyesha. Amri za dirisha jeusi («Invite de commandes», yaani dirisha la kuandikia amri) huandikwa vilevile hata Windows ikiwa ya Kifaransa.

Umeme umerudi, mashine haitaki kurudi

*Mafundi, jambo. Nafundisha Katindo. Shuleni kuna Wi-Fi inayolipiwa na shule, nami nina hotspoti ya simu kwa dharura. Umeme ukikatika mashine inahamia kwenye simu, hapo sina neno. Lakini umeme ukirudi na ruta ikawaka, Wi-Fi ya shule naiona kabisa kwenye orodha, na mashine inaendelea kula mega zangu mpaka ziishe. Mbona hairudi yenyewe? – Mwalimu, Katindo*

Mwalimu, mashine yako ni nzima. Windows haina tabia ya kuuacha mtandao unaofanya kazi eti kwa kuwa mwingine mzuri zaidi umejitokeza. Ruta ilipozimika ilidandia simu. Ruta ilipowaka tena simu ilikuwa bado hewani, basi ikakaa. Haipimi bei ya mega. Ina orodha ya majina iliyowahi kuyahifadhi, na jina la juu hujaribiwa kwanza, lakini orodha hiyo huiangalia pale inapotafuta mtandao, si pale ambapo imeshaupata.

Kuna mambo mawili ya kurekebisha, na watu wengi hurekebisha moja tu kisha wakasema amri hazifanyi kazi. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza kulia kwenye «Invite de commandes», chagua «Exécuter en tant qu'administrateur». Kisha:

netsh wlan show profiles

Utaona majina yote yaliyohifadhiwa, yamepangwa kwa upendeleo kutoka juu kwenda chini. Tuseme la shule ni SHULE na la simu ni SIMU. Pandisha la shule:

netsh wlan set profileorder name="SHULE" interface="Wi-Fi" priority=1

Namba 1 ndiyo ya juu kabisa. Neno lililo kwenye interface ni jina la kadi yako. Ikiwa amri inakataa, andika netsh wlan show interfaces uone kama kadi haiitwi «Wi-Fi 2» au jina jingine. Sasa la pili, ambalo ndilo husahauliwa:

netsh wlan set profileparameter name="SIMU" autoswitch=yes

Soma jina vizuri: amri hii inawekwa kwenye SIMU, siyo kwenye SHULE. Maana yake ni kwamba ukiwa kwenye mtandao huu mnyonge, endelea kuchungulia kama kuna ulio juu yake kwenye orodha, na ukiuona, hamia. Ukiiweka kwenye SHULE hakuna kitakachobadilika, maana hapo ndipo tayari unapotaka kukaa.

Ipo njia fupi zaidi, na kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo sisi tungeichagua hiyo:

netsh wlan set profileparameter name="SIMU" connectionmode=manual

Au bila amri: «Paramètres», «Réseau et Internet», «Wi-Fi», «Gérer les réseaux connus», bonyeza jina la simu, uondoe alama ya «Se connecter automatiquement». Kuanzia hapo mashine haitaigusa simu mpaka wewe mwenyewe ubonyeze. Umeme ukikatika utapoteza sekunde kumi za kubonyeza, lakini hakuna mega zitakazoondoka bila wewe kujua. Usichanganye njia mbili: autoswitch hufanya kazi kwa mtandao unaojiunga wenyewe tu.

Angalia pia mtego huu. Ukibonyeza «Se déconnecter» kwenye SHULE, hata mara moja kwa haraka, Windows huelewa kwamba huutaki tena ujiunge wenyewe, na alama ile huondoka kimyakimya. Vilevile ukiwa kwenye SHULE ukaamua kujiunga na SIMU kwa mkono, Windows hujifunza kwamba pale penye yote mawili unapendelea simu. Siku moja ya haraka inaweza kuvuruga mpango uliouweka kwa utulivu. Mashine ikianza tena ukaidi, irudishie SHULE alama ya «Se connecter automatiquement» na urudie amri ya set profileorder kabla ya kulaumu chochote.

Na kama simu huwa unaichomeka kwenye mashine kwa waya ili ichaji, hakikisha «Partage de connexion via USB» imezimwa kwenye simu. Ikiwa imewashwa, Windows huiona simu kama mtandao wa kebo, na kebo kwa kawaida hutangulia mbele ya Wi-Fi. Hapo alama ya Wi-Fi itaonyesha SHULE, nawe utaapa kwamba uko kwenye mtandao wa shule, huku intaneti yote inapita kwenye simu.

Mwisho, ingia kwenye jina la simu ndani ya «Gérer les réseaux connus» uwashe «Connexion limitée». Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho yake ukiwa kwenye simu. Hili lifanye hata kama mengine yote umeyaacha.

Shule ikiwa na pesa kidogo, dawa ya chanzo ni betri ndogo ya ruta. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, lakini zipo za volti 9, kwa hiyo soma kibandiko cha chini kwanza. Volti zilingane sawasawa, na ampea za betri zisipungue zilizoandikwa. Ruta isipozimika, mashine haitafuti simu. Ila ikiwa mnara wa mtoa huduma nao umelala gizani, utabaki na Wi-Fi inayong'aa isiyo na intaneti.

Neno la siri ni sahihi, mashine inasema si sahihi

*Nina duka la fotokopi Birere. Wateja huwasha hotspoti ya simu ili nipakue karatasi zao. Simu moja inakubali, nyingine inakataa, na neno la siri ni lile lile alilonionyesha mteja. Halafu kesho yake ile iliyokubali nayo inakataa. – Mwenye duka, Birere*

Tazama jina la hotspoti kabla ya neno la siri. Simu za zamani za Samsung, kwa mfano, zilitoka kiwandani zikiwa na jina AndroidAP, na wateja wengi hawajawahi kulibadilisha. Mashine yako haijui simu ya nani ni ipi, inajua jina. Mteja wa asubuhi amekuja na AndroidAP, umeandika neno lake, likahifadhiwa. Mteja wa mchana naye ana AndroidAP yenye neno tofauti; mashine inatoa lile la asubuhi bila kukuuliza, simu inakataa, unaambiwa haiwezekani kujiunga. Ukiandika neno la mchana, la asubuhi linafutika, na kesho yule wa kwanza ndiye atakayekataliwa. Kwa duka lako ni bora kuondoa alama ya «Se connecter automatiquement» kabla ya kujiunga, kisha mteja akiondoka ubonyeze «Oublier». Kwa amri moja:

netsh wlan delete profile name="AndroidAP"

Hilo ndilo la kufanya pia mtu anapobadilisha neno la siri la ruta bila kubadilisha jina. Mashine mara nyingine haikuulizi neno jipya, inarudia la zamani tu. Sahau, jiunge upya.

Kama jina ni la kipekee na bado inakataa, shuku kibodi. Mashine zinazouzwa mjini ni mchanganyiko: nyingine zina AZERTY (mpangilio wa vitufe wa Kifaransa), nyingine zimetoka Dubai au Marekani na QWERTY (wa Kiingereza), na fundi aliyeweka Windows huenda hakulinganisha. Chukua neno amani2024. Ukilibonyeza kwenye vitufe vya AZERTY wakati Windows inadhani ni QWERTY ya Marekani, kinachoandikwa ni q;qni@)@$. Herufi tisa, vidoti tisa kwenye skrini, na wewe huoni kosa. Bonyeza kile kijicho kilicho pembeni mwa kisanduku, uone ulichoandika kwa kweli. FRA au ENG huonekana chini kulia. Kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi hubadilisha.

Kwenye mashine ndogo za zamani angalia na NumLk: ikiwa imewaka, u, i, o hugeuka 4, 5, 6, na j, k, l hugeuka 1, 2, 3.

Neno la siri la Wi-Fi ya kawaida haliwezi kupungua herufi 8 wala kuzidi 63. Mteja akikuambia «neno ni 12345», kitufe cha kuendelea hakitawaka hata ubonyeze vipi. Ameficha kitu au amesahau. Jambo la mwisho ni umbali: ishara ikiwa hafifu sana, salamu za mwanzo kati ya mashine na ruta hukatika katikati, na Windows huweza kulitafsiri hilo kama ufunguo mbaya. Sogea karibu ujaribu tena kabla ya kugombana na mteja.

Kadi mpya, kumbukumbu zimepotea

*Kadi ya Wi-Fi ya ndani ilikufa nikanunua kle ndogo ya USB ya Wi-Fi. Inafanya kazi, lakini mashine imesahau mitandao yote ya ofisi tano ninazozizungukia. Zimefutika? – Mhasibu, Himbi*

Hapana, Mama (au Papa, hukutuambia). Windows huhifadhi mitandao kwa kila kadi peke yake. Faili ziko ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Wlansvc\Profiles\Interfaces, na humo kila kadi ina folda yake yenye jina refu la namba na herufi. Kle mpya ilipewa folda mpya, tupu. Usihamishe faili hizo kwa mkono, maana maneno yamefichwa kwa ufunguo wa mashine.

Kama kadi ya zamani bado inaonekana kwenye «Gestionnaire de périphériques», hata ikiwa inashika vibaya, toa nakala sasa hivi. Tengeneza folda D:\wifi (amri haitaitengeneza yenyewe), fungua dirisha jeusi kama msimamizi:

netsh wlan export profile key=clear folder="D:\wifi"

Kila mtandao utakuwa faili moja ya .xml, kwa mfano Wi-Fi-OFISI.xml. Kuzirudisha zote kwa kadi mpya:

for %f in (D:\wifi\*.xml) do netsh wlan add profile filename="%f" user=all

Njia hiyohiyo hutumika kabla ya kuweka Windows upya, na tungependa kila fundi wa mjini aifanye kabla hajaformati mashine ya mteja. Lakini elewa maana ya key=clear: maneno ya siri yote yameandikwa wazi ndani ya faili hizo, mtu yeyote mwenye kle ya USB anazisoma. Ukishamaliza, zifute, na uzifute pia kwenye kikapu cha taka.

Ukitaka kuona neno moja tu:

netsh wlan show profile name="OFISI" key=clear

Tafuta mstari wa «Contenu de la clé». Kama jina la mtandao lina é au è, dirisha jeusi huweza kuliandika ovyo na amri ikakataa. Majina ya ruta yasiyo na alama kama hizo hayasumbui sana katika kila kitu.

Simu inaiona, laptopu haiioni

*Ruta mpya nyumbani, simu zote zinaiona, laptopu yangu ya mtumba haiioni kabisa. – Msomaji, Kyeshero*

Andika netsh wlan show drivers usome mstari wa aina za redio. Ukikuta 802.11b, g na n bila a wala ac, kadi yako karibu hakika inajua bendi ya GHz 2.4 peke yake, na ruta inatangaza jina hilo kwenye GHz 5. Washa 2.4 kwenye ruta. Kama ni hotspoti ya iPhone, kitufe chake ni «Maximiser la compatibilité». Kwenye Android ni kuchagua bendi ndani ya mipangilio ya hotspoti.

Kama 2.4 imewashwa na bado, angalia chaneli. Laptopu za mtumba kutoka Marekani mara nyingi husikiliza chaneli 1 hadi 11 tu, na ruta iliyojipangia yenyewe huweza kuangukia 12 au 13. Ifunge kwenye 1, 6 au 11. Ikiwa inaonekana lakini inakataa kujiunga, badilisha usalama wa ruta kutoka WPA3 pekee kwenda WPA2, au ule mchanganyiko wa WPA2/WPA3. Usishuke hadi WEP (usalama wa kizamani ulio dhaifu) wala kuiacha wazi kwa ajili ya laptopu moja.

Ubuntu inadai neno la siri kila asubuhi

*Niko Bukavu, natumia Ubuntu. Kila nikiwasha mashine inaomba kufungua «trousseau de clés» kabla ya kujiunga na Wi-Fi. Neno la Wi-Fi limehifadhiwa, naliona! – Mwanafunzi, Nguba*

Umeiruhusu mashine iingie yenyewe bila kuandika neno lako. Maneno ya Wi-Fi yamefungiwa ndani ya kasha, ndilo hilo «trousseau de clés», na ufunguo wa kasha ni neno lako la kuingilia, ambalo asubuhi hakuna aliyeliandika. Ama urudishe kuingia kwa neno la siri, ama ufungue mipangilio ya mtandao huo, uweke alama ya kuufanya upatikane kwa watumiaji wote. Hapo neno huhama kutoka kwenye kasha lako kwenda kwenye mafaili ya mfumo, ambayo msimamizi peke yake huyasoma.

Kwa kuwa wenzako wa Windows wameuliza upendeleo, kwa upande wako ni hivi (tuseme mtandao wako unaitwa CHUO):

nmcli connection modify "CHUO" connection.autoconnect-priority 10

Kawaida ni 0, na hapa namba kubwa ndiyo hutangulia, kinyume cha Windows ambako 1 ndiyo ya kwanza. Anayetumia zote mbili atakosea angalau mara moja.

Fundi ameondoa neno la kuingilia, maneno ya kivinjari yamepotea

*Nilisahau neno la kuingilia kwenye Windows. Fundi akaliondoa kwa kle ya USB. Wi-Fi zote zinajiunga kama kawaida, lakini maneno ya siri ya tovuti yaliyokuwa kwenye kivinjari hayafunguki. – Msomaji, Majengo*

Ni kwa sababu yamefichwa kwa funguo tofauti. Ya Wi-Fi hufungwa na mfumo wenyewe, kwa hiyo hayajali nani ameingia. Ya vivinjari kama Chrome na Edge hufungwa kwa ufunguo unaotokana na neno lako la kuingilia. Mtu anapobadilisha neno huku analijua la zamani, Windows hufunga upya kila kitu kwa neno jipya. Linapoondolewa kwa nguvu, hakuna kinachofungwa upya, na yaliyomo hubaki yamefungwa kwa neno ambalo halipo tena.

Ukilikumbuka neno la zamani, liweke tena herufi kwa herufi kama neno la kuingilia, toka, ingia. Mara nyingi hufunguka. Usipolikumbuka, fundi hana ufunguo wa akiba, hata akikutoza vipi. Kama kivinjari kilikuwa kimeunganishwa na akaunti yako ya Google au ya Microsoft na usawazishaji ulikuwa umewashwa, ingia kwenye akaunti hiyo na maneno yatashuka upya. Kwa wengine: kabla fundi hajagusa neno la kuingilia, mwambie ajaribu kwanza njia ya kulirejesha kupitia akaunti ya Microsoft, ikiwa ndiyo unayoingilia.

Kwa ufupi

*Kuponi ya Wi-Fi niliyonunua inasema imetumika, nami sijamaliza hata saa moja. – Ndosho*

Mitambo mingi ya kuponi hukutambua kwa anwani ya kadi yako. Zima «Adresses matérielles aléatoires» kwa mtandao huo kabla ya kuingiza kuponi, la sivyo anwani ikibadilika unaonekana mtu mpya. Iliyokwishapotea, mwombe mwenye mtambo aifute anwani ya kwanza.

*Nimejiunga, ukurasa wa kuandika kuponi haufunguki. – Virunga*

Andika kwenye kivinjari neverssl.com. Kurasa zenye kufuli haziwezi kugeuzwa kwenda kwenye ukurasa wa kuponi. Huu hauna kufuli. Ukiona onyo la usalama kwenye kila tovuti, tazama tarehe ya mashine: betri ya saa, ile CR2032 ya volti 3, ikifa, mashine huamka miaka ya nyuma na vyeti vyote vinaonekana batili. Na ukiirekebisha saa, chagua kanda ya UTC+2, yaani «Harare, Pretoria». Ya Kinshasa iko saa moja nyuma yetu.

*Nyumba yetu ni ya ghorofa, ruta mbili zenye jina moja na neno moja. Nikipanda juu mashine inabaki kwenye ile ya chini. – Himbi*

Kuzipa jina na neno moja ni sawa kabisa; ufunguo hutokana na mawili hayo, kwa hiyo ni uleule kwa ruta zote mbili. Kwenye «Gestionnaire de périphériques», «Cartes réseau», fungua kadi, ukurasa wa «Avancé», tafuta mstari wenye neno «itinérance» upandishe daraja moja juu ya la kati. Usiuweke wa juu kabisa, mashine itaruka huku na huku simu za video zikikatika. Kuta za mawe ya lava hula GHz 5 vibaya. Ruta ya juu iweke karibu na ngazi, si nyuma ya ukuta wala karibu na mabati.